Uiju: mji wa mpakani wa Korea ulioitwa "Haki", na jinsi jina lake lilivyohamia kwenye mji mwingine (uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Juzi kwenye uzi mmoja wa habari za Korea Kaskazini kuna mdau aliuliza Sinuiju ni wapi na jina lenyewe lina maana gani. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikafuta. Mji huu nimeuona kwa macho yangu kutoka ng'ambo ya mto, na tangu siku ile sijaacha kuusoma. Acha nimfungulie uzi wake.

Nilikuwa mwanafunzi Shenyang, kaskazini mashariki mwa China. Likizo moja tukapanda treni watu wanne hadi Dandong, mji wa China ulioko ukingoni mwa mto Amnok. Wengi mnaujua kwa jina la Yalu. Pale Dandong kuna daraja la chuma ambalo watu wanalipa kiingilio kulitembelea. Unatembea juu yake, maji yako chini yako, halafu katikati ya mto daraja linakwisha. Vyuma vimepinda kama vilivyoachwa siku mabomu ya Marekani yalipolipiga, Novemba 1950. Mbele yako zimebaki nguzo tupu ndani ya maji, moja baada ya nyingine, mpaka ukingo wa Korea. Upande ule nilimwona mtu mmoja anasukuma baiskeli juu ya tuta la mto, ana mzigo nyuma. Alikuwa karibu kiasi kwamba niliweza kuona mzigo umefungwa kwa kamba.

Mmoja wetu alikuwa Mchina mwenye asili ya Korea. Akaniandikia herufi tatu za Kichina kwa kidole kwenye kiganja changu, akazitaja moja moja: Sin, mpya. Ui, haki. Ju, mji.

"Uiju Mpya." Nikamuuliza, basi ile ya zamani iko wapi? Akanyoosha mkono kuelekea juu ya mto, upande maji yanakotoka. "Kule, kama kilomita ishirini. Ule ndio mji wenyewe."

Uzi huu ni wa ule mji wenyewe.

Tuanze na jina. Hiyo "ju" mnaijua bila kujijua. Ni herufi ileile ambayo Wachina wanaitamka "zhou", na mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo anaitaja kila wiki anaposema Guangzhou. Zamani ilimaanisha eneo la utawala lenye mji wake mkuu, ndiyo maana Korea imejaa majina ya namna hiyo: Gyeongju, Jeonju, Wonju, Jeju. Karibu na Seoul upo mji unaoitwa Gwangju ambao ukiuandika kwa herufi za Kichina ni Guangzhou kabisa, herufi kwa herufi. (Msiuchanganye na ule Gwangju mkubwa wa kusini, huo una herufi nyingine ya kwanza.)

"Ui" ndiyo yenye uzito. Nimeifasiri "haki" kwa kukosa neno la karibu zaidi, lakini siyo haki ya kwenda kudai mahakamani. Ni kufanya lililo wajibu wako hata likikugharimu. Japani ilipoivamia Korea mwaka 1592, wakulima, wasomi na watawa walijikusanya kupigana bila kuamriwa na serikali, na Wakorea waliwaita "uibyeong", askari wa ui. Herufi ni hiyohiyo.

Kwa hiyo mji wa mwisho kabisa wa nchi, ule ambao adui akitoka kaskazini anaukuta kwanza, waliuita hivyo. Nitaeleza lini na kwa nini.

#2

Mkuu tumekaa mkao wa kula. Ila swali la haraka: mbona kwenye ramani moja naona Uiju, nyingine Wiju, nyingine Ŭiju yenye kialama juu? Ni miji mitatu?

#3 Mleta uzi

Ni mji mmoja ndugu yangu. Sauti ya mwanzo ya Kikorea pale haina herufi yake katika alfabeti ya Kilatini, kila mwandishi akaiandika alivyoisikia. Wazungu wa karne ya 19 na wale wa vita ya 1904 waliandika Wiju. Ŭiju ni utaratibu wa zamani ambao Kaskazini wanaukaribia mpaka leo. Uiju ni utaratibu wa Kusini wa sasa. Wajapani walipotawala waliusoma kwa lugha yao, na Sinuiju ikawa Shingishū.

Una jina jingine la zamani pia: Yongman. "Yong" ni joka, "man" ni hori au kona ya maji. Hilo lishikeni, litarudi tukifika kwenye biashara.

Sasa twende mwaka 993. Ufalme wa Goryeo (humo ndimo neno "Korea" lilimotoka) ulikuwa na jirani mbabe kaskazini, dola ya Liao ya Wakhitani. Jeshi la Liao likavuka mpaka. Mjini wakubwa wakaanza kusema tuwape tu ardhi ya kaskazini tupone. Afisa mmoja, Seo Hui, akakataa, akaenda mwenyewe kwenye kambi ya adui kuzungumza na jemadari wao. Jemadari akadai ardhi ya ufalme wa kale wa Goguryeo ni mali ya Liao. Seo Hui akamjibu kwamba wao ndio warithi wa Goguryeo, na ushahidi ni jina la nchi yao: Goryeo. Hoja ya jina, wakuu, mbele ya jeshi! Liao wakarudi kwao, na Goryeo ikapata eneo lote la mashariki ya mto, ikajenga ngome sita. Mojawapo, Heunghwajin, ilikuwa pale pale kwenye eneo la Uiju.

Liao hawakuridhika. Walirudi mara kwa mara, na mwaka 1014 wakajenga ngome zao upande huu wa mto, mahali walipopaita Poju. Mwisho wa 1018 wakaja tena na jeshi kubwa. Pale Heunghwajin jemadari Gang Gam-chan, mzee wa miaka sabini, aliwaficha wapanda farasi 12,000 kwenye bonde, kisha akaamuru ngozi za ng'ombe zitungwe kwenye kamba nene na kuziba kijito kikubwa mashariki ya ngome. Adui walipoanza kuvuka kijito chenye maji haba, maji yakaachiwa na wale waliojificha wakatoka. Wengi husimulia habari ya ngozi kama ya vita vya Gwiju mwaka 1019, lakini kumbukumbu za Goryeo zinaiweka hapa, kwenye lango hili.

Hata hivyo Poju ilibaki mikononi mwa Liao kwa zaidi ya miaka 100. Ngome ya mgeni ndani ya uwanja wako, unaiona kila asubuhi, huwezi kuing'oa. Goryeo waliomba, walilalamika, walituma wajumbe, hawakupewa. Mpaka Liao yenyewe ilipoanza kubomoka kwa kupigwa na Wajurchen wa dola mpya ya Jin. Mwaka 1117 maafisa wa Liao waliokuwa ndani ya ngome wakaona hawana msaada, wakapanda vyombo wakaondoka, ngome wakaiacha kwa Goryeo. Mfalme Yejong akaifuta Poju, akaupa mji jina la Uiju.

Ndipo jina lilipozaliwa. Kwangu mimi hiyo "ui" ni ya watu waliorudishiwa kilicho chao baada ya kusubiri vizazi vitatu au vinne.

#4

Uzi umenyooka sana. Dada yenu naomba kujua kitu: nimewahi kusoma kuwa kuna kisiwa kwenye huo mto ambacho ndicho kilibadilisha ufalme mzima wa Korea. Ni huko huko?

#5 Mleta uzi

Ni huko huko dada yangu, ahsante kwa kunikumbusha. Kinaitwa Wihwado. Kiko katikati ya mto, kati ya Uiju na Dandong. Kisiwa bapa cha mchanga na mashamba, ukikiona huwezi kudhani kilibeba jambo lolote.

Mwaka 1388 mfalme U wa Goryeo na jemadari mkuu Choe Yeong waliamua kwenda kuishambulia Liaodong, ardhi ya dola ya Ming, yaani China ya wakati huo. Jeshi likapewa Yi Seong-gye na mwenzake Jo Min-su. Likafika Uiju, likavuka mpaka kisiwani, likakwama. Mvua za kiangazi zilikuwa zimeanza na mto umefura. Yi Seong-gye akaandika sababu nne za kutoendelea: mdogo hapaswi kumshambulia mkubwa, vita vya kiangazi si wakati wake, jeshi lote likienda kaskazini maharamia wa Kijapani watapiga kusini, na ya nne ndiyo ninayoipenda kwa sababu inatoka kwa mtu aliyeshika silaha mkononi: mvua inalegeza gundi ya pinde, na magonjwa yatawamaliza askari kambini.

Upinde wa Kikorea ule haukuwa fimbo moja iliyopindwa. Ulikuwa pembe, mianzi na mishipa ya ng'ombe vilivyogandishwa pamoja kwa gundi. Ukilowa siku nzima, unashika kitu kisichorusha mshale.

Mfalme akakataa sababu zote nne. Yi akageuza jeshi, akarudi Kaesong, akauteka mji mkuu wake mwenyewe. Miaka minne baadaye, 1392, akawa mfalme wa kwanza wa Joseon, ukoo uliotawala miaka 500. Wakorea mpaka leo wakisema "kurudi kutoka Wihwado" kila mtu anaelewa.

#6

Sasa mkuu, huo mji si ulikuwa kituo cha jeshi tu? Umuhimu wake kwa raia wa kawaida ulikuwa upi?

#7 Mleta uzi

Swali zuri, nalijia. Kwanza nimalize la mfalme Seonjo, kwa sababu hapo raia walihusika.

Mei 1592 Wajapani walishuka Busan, kusini kabisa. Ndani ya wiki tatu hivi wakawa wameingia Seoul. Mfalme Seonjo alikimbia kaskazini: Kaesong, Pyongyang, mwisho Uiju. Hapakuwa na mahali pengine pa kukimbilia, mbele yake ni mto na ng'ambo ni China. Naye alitaka kuvuka. Waziri wake Ryu Seong-ryong akampinga vikali, kwamba mfalme akitoka hatua moja nje ya nchi, Joseon haitakuwa yao tena.

Hakuvuka. Alikaa Uiju karibu nusu mwaka, mji wa mpakani ukawa mji mkuu wa nchi. Kutoka pale ndiko maombi ya msaada yalikokwenda Ming, na majira ya baridi jeshi la Ming chini ya Li Rusong likavuka barafu na mwanzoni mwa 1593 likaukomboa mji wa Pyongyang. Miongoni mwa waliofuatana na mfalme njia yote hadi Uiju alikuwa tabibu wake, Heo Jun, yule aliyekuja kuandika kitabu kikuu cha tiba ya Kikorea, kilichochapishwa 1613. Wengine wengi walimtoroka mfalme njiani. Vita vilipokwisha, waliobaki naye walitunukiwa, na Heo Jun akiwemo.

Mimi nikiifikiria ile "ui" ya jina, huwa naona hiyo nusu mwaka. Mfalme amesimama ukingoni, mashua ipo, na anabaki.

Sasa biashara.

Kwa karne nyingi watu wa Korea na China hawakuruhusiwa kuvuka mpaka hovyo. Njia halali ilikuwa msafara wa wajumbe wa mfalme kwenda Beijing, na kila msafara ulipita Uiju. Wakalimani wa msafara walikuwa wanaruhusiwa kubeba jinsengi, ule mzizi wa dawa, ili wajilipie gharama. Kipimo kilikuwa mifuko minane, kila mmoja geun kumi. Geun moja ni kama gramu 600, kwa hiyo tunaongelea karibu kilo 48 kwa mtu. Jinsengi Beijing ilikuwa fedha tupu.

Mahali penye ruhusa ya kilo 48 lazima patatokea mtu mwenye kilo 60. Mwaka 1780 msomi Pak Ji-won alisafiri na msafara uliokwenda kumpongeza mfalme wa China kwa kutimiza miaka 70, akaandika shajara. Ukaguzi wa Uiju anaueleza hivi: pale kivukoni zimesimikwa bendera tatu kama milango mitatu. Watu wanavuliwa nguo, wanapapaswa, mizigo inafunguliwa na kutandazwa ukingoni, wanatafuta dhahabu, lulu, jinsengi na ngozi za manyoya. Ukikamatwa na magendo kwenye bendera ya kwanza, unapigwa bakora nzito na mali inachukuliwa. Ya pili, unapelekwa uhamishoni. Ya tatu, unakatwa kichwa na kinatundikwa watu wakione.

Bendera tatu, wakuu, na kati ya ya kwanza na ya mwisho ni hatua za kuhesabu.

Humo ndimo walimokulia wafanyabiashara wa Uiju. Waliitwa Mansang, yaani wachuuzi wa "man", lile jina la Yongman nililowaambia mlishike. Walijua Kichina, walijua bei za pande zote mbili, walijua maafisa. Maarufu kuliko wote ni Im Sang-ok, aliyeishi 1779 hadi 1855. Inasimuliwa kwamba wanunuzi wa Beijing waliwahi kukubaliana wasinunue jinsengi yake ili ashushe bei. Akairundika uani, akaanza kuichoma moto. Harufu ikatoka nje. Wakaja mbio kumsihi azime, wakanunua kwa bei yake.

#8

Mkuu hapo kwenye Kichina umenigusa. Mimi ni mtu wa kanisa, niliwahi kusikia kwamba Biblia ya kwanza ya Kikorea ilitafsiriwa nje ya Korea. Ina uhusiano na hawa wachuuzi?

#9 Mleta uzi

Ndiyo kaka, ni haohao. Na hapa mwanafunzi wa Shenyang nina deni, kwa sababu kanisa alilolianzisha mmisionari mhusika lipo mjini kule mpaka leo.

Aliitwa John Ross, Mskoti. Kuingia Korea kulikatazwa, basi katika miaka ya 1870 akawa anakwenda kwenye soko la mpakani lililoitwa Lango la Korea, upande wa China, ambako Wakorea walikuja kuuza na kununua. Alikuwa anatafuta mtu wa kumfundisha Kikorea. Akampata Yi Ung-chan, mfanyabiashara wa Uiju ambaye mashua yake ilipinduka mtoni na mali yote ikazama. Hakuwa na mtaji wa kuanzia tena. Akakubali kufundisha, kwa siri, maana kumfundisha mgeni lugha kulikuwa hatari kwake. Mwingine wa Uiju, Seo Sang-ryun, muuza jinsengi, aliugua sana akiwa Yingkou, mji wa China, akatibiwa na wamisionari, akajiunga nao. Injili ya Luka kwa Kikorea ikachapishwa Shenyang mwaka 1882, na Agano Jipya lote 1887.

Waliichapa kwa hangul, herufi za Kikorea zenyewe, ambazo wakati huo wasomi walizidharau kama za wanawake na watu wa chini. Na kwa kuwa wafasiri walikuwa watu wa Uiju, lugha ilibeba lafudhi ya mkoa wa Pyongan. Seo akavusha nakala kupitia lango lilelile lililokuwa na bendera tatu.

#10

Kwa hiyo ilikuwaje mji mkubwa hivyo ukawa wilaya, na jina likaenda kwa mwingine?

#11 Mleta uzi

Reli.

Mwaka 1904 Japani na Urusi walipigana. Mapigano makubwa ya kwanza ya nchi kavu yalikuwa hapo hapo Uiju, jeshi la Jenerali Kuroki likavuka mto na kuwashinda Warusi mwanzoni mwa Mei. Nyuma ya jeshi Wajapani walikuwa wanalaza reli kwa haraka kutoka Seoul hadi mpakani, na ilikamilika 1906. Reli ya vita haitafuti mji wenye historia. Inatafuta ardhi tambarare na mahali pa kufaa kwa daraja, na hapo palikuwa chini ya mto, kwenye tope na matete. Wakajenga stesheni, wakapanga mitaa, wakahitaji jina. Wakachukua la jirani, wakaweka "mpya" mbele.

Daraja likaanza 1909, likakamilika 1911. Ndilo nililotembea juu yake. Kipande chake kimoja kilikuwa kinazungushwa ili kupisha meli. Miaka ya 1920 ofisi za mkoa nazo zikahama kutoka Uiju kwenda Sinuiju. Mji wa zamani ukabaki na kuta zake, lango la kusini, na banda la Tonggunjeong juu ya kilima, ambako makamanda walikuwa wakisimama kutazama ng'ambo.

Kazi ya lango ikahamia Sinuiju, na bado iko pale. Daraja la pili, la 1943, ndilo linalotumika. Treni ya Kim Jong Un ilipita juu yake kwenda Beijing mwezi Machi 2018 na kwenda Hanoi 2019. Korona ilipokuja mpaka ukafungwa Januari 2020, na uwanja wa ndege wa Uiju, ndiyo, Uiju ya zamani, ukageuzwa kituo cha kupulizia dawa mizigo inayotoka China. Treni za mizigo zilirudi Januari 2022. Julai 2024 mto ulifurika ukazamisha visiwa na mashamba ya Sinuiju na Uiju, Wihwado ikiwemo, na serikali yenyewe ikatangaza kwamba nyumba zaidi ya 4,000 ziliingiwa na maji.

#12

Mimi ni mpenzi wa riadha. Sohn Kee-chung wa marathoni ya Berlin si alitoka huko?

#13 Mleta uzi

Umenifurahisha sana mkuu. Alizaliwa Sinuiju mwaka 1912, na utotoni alikimbia kando ya huu mto. Alishinda Berlin 1936 kwa saa 2:29:19, lakini kwa jina la Kijapani, Son Kitei, na bendera ya Japani kifuani, kwa sababu nchi yake ilikuwa koloni. Alipoombwa kusaini, aliandika jina lake kwa Kikorea. Gazeti la Dong-A Ilbo lilifuta bendera ile kwenye picha yake, likafungiwa kwa miezi. Mwaka 1988 aliingia uwanjani Seoul na mwenge wa Olimpiki, ana miaka 76, anarukaruka kwa furaha. Sinuiju alikozaliwa ilikuwa upande mwingine wa mpaka.

Niongeze moja kuhusu jina, maana sikulitaja na ndilo linalonikaa moyoni. Reli ile ya 1906 iliitwa Gyeongui. "Gyeong" ni mji mkuu, yaani Seoul. "Ui" ni Uiju. Jina hilo halijafutwa. Leo ukiwa Seoul unapanda treni ya abiria ya Gyeongui kwenda kazini, imeandikwa kwenye ramani ya kila stesheni. Inakwenda kaskazini inafika Munsan, karibu na mstari wa kugawa nchi, abiria wanashuka. Mwaka 2007 treni moja ya majaribio iliruhusiwa kupita hadi Kaesong. Oktoba 2024 Kaskazini walilipua kipande cha njia hiyo upande wao. Na barabara kuu namba 1 ya Korea Kusini inaanzia bandari ya Mokpo, na kwenye orodha rasmi ya serikali mwisho wake umeandikwa mpaka leo: Sinuiju.

Mwenye swali zaidi aweke hapo chini, usiku huu nipo.

#14

Mkuu, banda la Tonggunjeong lipo bado?

#15 Mleta uzi

Lipo. Siku ile Dandong nilimuomba mwenzangu anionyeshe liko upande gani. Ukungu ulikuwa umetanda juu ya mto, hatukuliona.